Kuliimbia Gari Besi

Mjukuu wangu Baraka amefunga spika kwenye gari lake, spika kubwa kama sufuria ya msibani, na kila Jumamosi analileta hapa kwangu Uyole kuliosha. Akiwasha muziki, kuku wanahama uani wenyewe bila kufukuzwa. Mimi muziki siulalamikii. Ninacholalamikia ni kile kibati cha namba huko nyuma, kinacholia zzzz kila besi ikiingia, na mwenye gari hana habari. Juzi uvumilivu ulinishinda. Nikainuka na fimbo yangu, nikaenda nikakibana kile kibati kwa kiganja. Kelele ikakata.

Baraka akanikodolea macho. "Babu, umefanyaje?"

Nimefanyaje! Kazi iliyokula ujana wangu wote, leo mtoto ananiuliza nimefanyaje, utadhani nimecheza mazingaombwe.

Basi nikaona niyaseme haya kwa Baraka na kwa wenzake wote mnaofunga maspika halafu mnaliacha gari litetemeke kama lina homa. Mkichoka kunisikiliza, rudini kwenye zzzz yenu, sitawagombeza.

Kwetu ni Ilula, upande wa Iringa. Mbeya nilikuja miaka ya hamsini, kabla ya uhuru, nimekaa juu ya magunia kwenye lori, natafuta kazi yoyote ile. Nikaipata kwa Mzee Asajile, Mnyakyusa mmoja mnene, mpole, aliyekuwa na banda lake karibu na soko. Alikuwa fundi wa mambo ya ndani ya gari: viti, mazulia, vitambaa vya dari, mbao za milangoni. Nilikuwa najua kushona kidogo, akanipa sindano ya gunia na kiti kilichopasuka, akaniambia, "Haya, Mhehe, tuone." Tangu siku hiyo nikawa Mhehe. Jina langu Festo lilibaki Ilula kwa mama yangu.

Magari yenye redio wakati huo yalikuwa machache. Walikuwa nayo Wazungu wa mashamba, mapadri, na wafanyabiashara wawili watatu waliobahatika kuuziwa gari na Mzungu anayerudi kwao. Barabara yote kutoka Iringa mpaka Mbeya ilikuwa vumbi, tena vumbi lenye matuta madogo madogo kama migongo ya bati la paa. Gari likimaliza safari hiyo, hakuna skrubu inayokumbuka kazi yake. Mwenye gari anasimama, anazima injini, anawasha redio asikilize habari, na gari zima linaanza kutetemeka pamoja na mtangazaji. Mlango unalia, kisahani cha majivu kinalia, dashibodi inalia. Hapo ndipo analileta kwa Mzee Asajile.

Ninyi leo mna simu, mnabonyeza, inatoa sauti kuanzia nene mpaka nyembamba, mnatafuta kelele kwa raha zenu. Sisi tulikuwa na Mzee Asajile mwenyewe. Kanisani kwao aliimba besi, na besi yake ilikuwa ya kutikisa benchi. Gari likija, alikuwa anaingiza kichwa dirishani, anashika mlango kwa mikono miwili, anafumba macho, halafu anaanza, "Oooooo," anashuka noti moja baada ya nyingine, polepole, hana haraka ya mtu yeyote. Mara unasikia kitu ndani ya gari kinajibu, zzzz. Hapo anasimama kwenye noti hiyohiyo, ananikonyeza, na mimi naanza kupapasa.

Kupapasa kuna adabu yake, sikilizeni. Tumia kiganja kizima, siyo ncha ya kidole, maana ncha ya kidole nayo inatetemeka. Unabonyeza sehemu moja, unasubiri, unaachia. Ukibonyeza kelele ikakata, ukaachia ikarudi, umemshika mwizi. Na usiamini sikio peke yake. Ndani ya gari sauti inadanganya sana, unaisikia kulia kumbe inatoka kushoto. Nilikuwa na kipande cha bomba la mpira, ncha moja sikioni, nyingine naipitisha kwenye maungio kama daktari. Na kabla hujapapasa popote, toa funguo kwenye swichi, maana nazo zinalia! Tulishawahi kumaliza asubuhi nzima tukilifungua gari la padri mmoja, mbao zote ziko chini, kumbe kinacholia ni medali ya shaba aliyoining'iniza kwenye kioo. Padri hakutaka kuitoa. Mzee Asajile akaipaka nta ya nyuki mgongoni, akaigandisha hapohapo kwenye kioo, na padri akaondoka anacheka.

Kitu ninachokikumbuka kuliko vyote ni wale akina mama wa ndizi. Walikuwa wanapita mbele ya banda na mikungu kichwani kwenda sokoni, na wakimkuta mzee ameingiza kichwa garini anavuta besi, hawakuweza kupita hivihivi. Mmoja anaitikia sauti ya kwanza, mwenzake anaweka ya pili, bila kusimama, mikungu kichwani vilevile. Kwa kitambo kidogo barabara nzima inakuwa kanisa. Wakishafika mbali unabaki na besi peke yake na gari linalolia zzzz. Mimi siku hizi nikikaa hapa kibarazani nasikia magari mengi, malori usiku na mchana, lakini hakuna anayeyaimbia. Natamani kusikia hata mara moja tu.

Haya, vifaa. Blanketi la jeshi lililochakaa ndilo rafiki wa kwanza, unalikata vipande vyembamba na kuvibana kila mahali bati linapogusana na bati au mbao. Mpira wa ndani wa baiskeli unakaa chini ya skrubu. Nta ya nyuki unaipaka kwenye skrubu yenyewe ili isijilegeze barabarani. Lami unaichemsha, unaichanganya na unga wa mbao, unaibandika ndani ya mlango katikati ya bati. Katikati tu inatosha, maana ndiyo sehemu inayocheza, siyo kupaka mlango mzima mpaka gari lishindwe kupanda mlima. Spika yenyewe ukiifunga, kaza skrubu kwa kupishana, hii kisha ya mkabala wake, la sivyo inakaa upande na kulia yenyewe. Karatasi ya spika ikichanika, gundi na karatasi ya sigara vinatosha.

Na yale matundu madogo chini ya mlango usiyazibe hata siku moja. Yanatoa maji ya mvua. Kuna bwana mmoja mkulima wa hapahapa Uyole, simtaji maana wajukuu zake wananisalimia, aliona ufundi wetu ni kupoteza muda. Akasema kelele inatokana na utupu wa mlango, dawa yake ni kuujaza. Akajaza nini? Mahindi! Alikuwa nayo tele, amevuna. Akamimina milango yote miwili ikashiba, akaziba na yale matundu yasimwage. Kweli gari likanyamaza, akawa anapita mbele ya banda letu anapiga honi kutucheka. Masika yakaingia. Siku moja analeta gari, mlango haufungi wala haufunguki, umevimba, na kwenye ufa wa dirisha kuna majani mabichi yamechungulia nje. Mzee Asajile aliyatazama kwa muda mrefu, akamwambia kwa heshima zote, "Ndugu yangu, hii tusubiri ikomae, tuchome." Halafu mzee akacheka mpaka akakaa chini.

Sasa nawaambia habari ya Mama Lameki, ndiyo niliyoikumbuka juzi nilipokibana kile kibati.

Siku ya Ijumaa iliingia pikapu moja imejaa vumbi, imetoka Nyololo kule Mufindi. Akashuka mzee mrefu mwenye koti, akafuatiwa na mama mmoja mdogo wa umbo, amejifunga shuka mabegani. Mama aliposema "Kamwene," niliinua kichwa haraka. Nilikuwa sijasikia salamu ya kwetu kwa muda mrefu, tena kwa sauti ya mama mtu mzima.

"Kamwene, mama," nikajibu.

"Eh! Kumbe mtoto wa nyumbani. Wa wapi wewe?"

"Wa Ilula, mama."

"Mama yako yupo?"

"Yupo."

"Anakusikia kwa nani huku?"

Nikainama kutafuta bisibisi ambayo nilikuwa nimeishika mkononi. Ukweli ni kwamba tangu nije Mbeya sikuwa nimerudi nyumbani. Kila mwaka nilisema mwaka huu, na kila mwaka kukawa na kazi.

Mzee, Baba Lameki, ndiye aliyeeleza shida yao. Walikuwa na kijana mmoja, Lameki, aliyeandikishwa kwenda machimboni huko kusini, na tangu aende hawakupata habari yake hata kidogo. Wenzake walirudi, yeye hakurudi. Halafu dereva mmoja wa lori akawaambia kwamba amemsikia Lameki kwenye redio, yuko Dar es Salaam, anaimba kwaya, na kwaya ile inaimba redioni kila Jumapili mchana. Hakumwona kwa macho, alisikia sauti tu. Lakini kwa mama ilitosha. Kuanzia hapo kila Jumapili, wakitoka kanisani, walipanda na pikapu yao mpaka kwenye mwinuko ambako redio inashika, wakazima injini, wakasikiliza.

"Fundi," Baba Lameki akasema, "gari hii inanimezea mtoto. Wengine wote nawasikia, wa juu, wa kati. Lameki ni mtu wa besi. Sasa besi ikiingia tu, gari inalia, simsikii tena."

"Yeye hamsikii," mama akadakia. "Mimi namsikia. Yuko palepale nyuma ya kelele. Nataka tu kelele itoke, nimsikie vizuri. Sauti ya Lameki hainipotei, ninyi. Kabla hajaingia anavuta pumzi kwa nguvu, kama mtu anayejitwisha mzigo. Baba yake alikuwa anamgombeza kanisani."

 Mzee Asajile alifuta mikono, akaingiza kichwa dirishani, akaanza kushuka na noti zake. Nami nikapapasa. Lile gari lilikuwa na wezi wengi! Mlango wa kushoto ulikuwa umelegea, wavu wa spika umepoteza skrubu, waya nyuma ya redio unagonga bati. Tulimaliza Ijumaa, tukaendelea Jumamosi. Mama hakwenda kupumzika kwa wenyeji wao, alikaa kwenye benchi letu akinitazama, na kila kelele moja ikinyamaza anasema, "Bado kidogo, Lameki." Alinimenyea viazi vya kuchemsha alivyokuja navyo, akanilisha huku mikono yangu ina lami. Nilikula kama mtoto. Nilikuwa na hamu ya kwetu, na sikumwambia mtu.

Mwizi wa mwisho alikuwa mfuniko wa droo ya dashibodi, palepale mbele ya magoti ya anayekaa kushoto. Ulikuwa hautikisiki kwa noti nyingine yoyote, ila ile ya chini kabisa, pale besi inapotua. Nikakata kipande cha blanketi, nikakikunja, nikakichomeka kwenye ukingo wa mfuniko. Mzee Asajile akavuta besi yake mpaka uso ukamwiva. Gari likakaa kimya kabisa. Mama akapiga makofi.

Jumapili tulikwenda nao mpaka hapa Uyole, maana mjini milima inaziba redio, na huku wakati huo kulikuwa wazi, mashamba matupu. Baba Lameki akasimamisha gari likiangalia upande wa nyumbani, akazima injini. Redio za zamani zilikuwa na taa ndani, lazima zipate moto kwanza ndipo ziseme. Tukasubiri. Mama amekaa mbele, mikono mapajani, ametega sikio. Mimi na Mzee Asajile tumesimama nje, tumeegemea mlango.

Mtangazaji akasema maneno yake, kwaya ikaanza. Sauti ya kwanza ikaingia, ya pili, ya tatu. Halafu besi. Ilikuja safi, vijana, safi kama maji ya mlimani. Hakuna bati lililolia, hakuna skrubu iliyopumua. Kila mtu wa besi katika ile kwaya ungeweza kumhesabu. Nilijivuna, siwafichi. Nikamtazama mama nione furaha yake.

Mama hakutikisika. Alisikiliza ubeti wa kwanza, akasikiliza wa pili. Besi iliingia tena na tena, laini, bila mtu yeyote kuvuta pumzi kwa nguvu. Wimbo ulipokwisha akatazama mbele, barabarani, kule kunakoelekea Nyololo.

"Si yeye," akasema.

Baba Lameki alishika usukani kwa mikono miwili ingawa gari halikuwa likienda popote. "Mama Lameki," akaanza, halafu akaacha.  Mimi nilitamani ardhi ipasuke. Kazi yetu nzuri kuliko zote, na angalia tulichomfanyia mtu.

Mtangazaji akasema kwaya ileile itaimba wimbo mwingine. Mama akageuka, akanitazama mimi, siyo mume wake, siyo Mzee Asajile.

"Mwanangu," akasema taratibu, akigusa mfuniko wa droo mbele yake, "hiki kitambaa ulichoweka hapa. Huwezi kukitoa?"

Nikamtazama Mzee Asajile. Siku zote kwetu kulegeza kitu kilichokazwa ilikuwa dhambi. Mzee machozi yalikuwa yanamtoka hadharani, akaitikia kwa kichwa. Nikapitisha mkono dirishani, nikakivuta kile kipande cha blanketi. Kikatoka bila shida.

Kwaya ikaanza tena. Ya kwanza, ya pili, ya tatu. Besi ikaingia, na mfuniko ukajibu, zzzz, kwa nguvu, ukaifunika besi yote. Mama akafumba macho, akaegemeza kichwa kwenye kiti.

"Huyo," akasema. "Sasa namsikia."

Wimbo ulipokwisha Baba Lameki akawasha gari.  Mama alinipa mkono dirishani, akaushika wangu muda mrefu na kuniambia nimsalimie mama yangu. Wakaondoka, vumbi likabaki. Sikuwaona tena, na sikupata kujua kama Lameki alirudi.

Nawaambia ninyi mnaojifunza kazi hii: zikamateni kelele zote, kazeni kila skrubu, mimi niko hapa Uyole, njooni niwaonyeshe. Lakini mteja akifika, muulize kwanza anataka kusikia nini. Sisi hatukumuuliza.

Tulirudi mjini kwa miguu, mimi na Mzee Asajile. Njia nzima hakuimba. Tulipofika bandani alisema, "Kesho usije kazini. Kuna lori linaenda Iringa asubuhi. Panda, nenda kwa mama yako."

"Mzee, kuna kiti cha yule..."

"Kiti nitashona mimi. Nenda, Festo."

Ilikuwa mara ya kwanza kuniita jina langu. Nikasema, "Ndaga fijo, mzee," asante kubwa ya kwao niliyokuwa nimejifunza kwake, na nikageuza uso.

Niliposhuka Ilula siku ya pili, mama alikuwa kwenye bustani yake ya nyanya chini ya barabara, amenipa mgongo, anapalilia. Nilisimama ukingoni na mfuko wangu, nikaita tu, "Mama!" Hakugeuka mara moja. Alisimamisha jembe hewani, akasema "Festo" bado akiwa amenipa mgongo, ndipo akageuka kunitazama.